Kadi za filamu za kutisha: si kila kitu adimu ni mali

Na Mwandishi Wetu, Tongoni

KATIKA magofu ya Tongoni, kiasi cha kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga kwenye barabara iendayo Pangani, yapo makaburi ya kale yenye nguzo ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka nchi za mbali. Bakuli hizo zilijengewa ndani ya chokaa. Leo mgeni anayezunguka hapo huona zaidi matundu ya mviringo kuliko bakuli zenyewe. Vyombo viling'olewa zamani, kimoja baada ya kingine.

Matundu hayo ni somo la kwanza kwa mfanyabiashara anayetaka kuelewa soko la vitu adimu. Kitu kinaweza kukaa mahali pamoja miaka mia tano bila bei. Siku anapotokea mtu wa mbali aliye tayari kulipa, kinapata bei, na mara nyingi faida humfuata huyo mtu wa mbali. Mahali kilipotoka hubaki tundu.

Wiki hii ukurasa huu unatazama tawi moja la soko hilo ambalo linaanza kuwavutia vijana wenye simu na mtaji mdogo: kadi za picha zinazotokana na filamu za kutisha, zinazochapwa kwa idadi maalumu na kuuzwa kwa wakusanyaji. Swali la msomaji ni moja tu. Je, mtu wa Tanga mwenye akiba yake aiweke huko?

Bidhaa yenyewe

Kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja kidogo kuliko kiganja, vyenye picha ya tukio au mhusika wa filamu upande mmoja na maelezo upande wa pili. Zilianza kama kivutio cha kuuzia ubani wa kutafuna. Mtoto alinunua pakiti akapata ubani na kadi kadhaa, akabadilishana na wenzake zile alizopata mara mbili, hadi akakamilisha seti.

Siku hizi ubani umeondoka na mnunuzi ni mtu mzima. Kiwanda huchapa kadi zenye namba: kwa mfano 17 kati ya 99, maana yake ziko 99 tu na hii ni ya 17. Nyingine hutiwa sahihi ya mwigizaji. Nyingine hubandikwa kipande kidogo cha vazi lililotumika katika filamu. Zipo zilizochorwa kwa mkono na msanii, ambazo kila moja ni ya pekee. Filamu zinazopendelewa si lazima ziwe zile zilizoingiza fedha nyingi zilipotoka, bali zile zenye mashabiki sugu ambao wanazirudia mwaka hadi mwaka na wanajua kila jina la kila mhusika.

Mnunuzi mkuu ni mtu wa Marekani au Ulaya aliyeziona filamu hizo akiwa kijana na sasa ana mshahara. Hilo ni jambo la kukumbuka tangu mwanzo, kwa sababu bei yote inasimama juu ya kumbukumbu za mtu huyo.

Uadimu wa aina mbili

Wachunguzi wa soko hili hutofautisha uadimu uliotokea wenyewe na uadimu uliotangazwa.

Mfano wa kwanza ni seti ya Mars Attacks, iliyotolewa na kampuni ya Topps ya Marekani mwaka 1962. Ilikuwa na kadi 55 zinazosimulia viumbe wa sayari ya Mars wakiivamia dunia, kwa picha za damu na moto. Wazazi walilalamika, na kampuni ikasimamisha mauzo. Kadi zilizokuwa zimefika mitaani zilichezewa na watoto, zikakunjwa, zikatupwa. Hakuna aliyezitunza kwa ajili ya faida. Ndiyo maana kadi iliyobaki safi ilikuja kuwa na bei, na mwaka 1996 ikatoka filamu ya Tim Burton yenye jina hilohilo, ambayo iliwakumbusha watu wengi zaidi.

Mfano wa pili ni Fright Flicks, seti ya Topps ya mwaka 1988 yenye kadi 90 na stika 11, iliyobeba picha kutoka filamu kama A Nightmare on Elm Street, Poltergeist na Fright Night. Filamu hizo zinapendwa sana. Lakini kufikia wakati huo watu wengi walikwisha kusikia kwamba kadi za zamani zina bei, wakanunua maboksi mazima na kuyaweka kabatini bila kuyafungua. Kilichotunzwa na wengi hakiwezi kuwa adimu.

Kosa hilohilo lilifanyika kwa ukubwa zaidi katika kadi za mchezo wa besiboli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vilichapa kupita kiasi, watu wakanunua kama akiba ya kuwasomeshea watoto, na mali hiyo ikaja kukosa wa kuinunua.

Kinyume chake ni kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya mwaka 1952. Sy Berger, aliyekuwa ofisa wa Topps, alisimulia kwamba mwaka 1960 shehena ya kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi ilipakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini ili kupata nafasi ghalani. Kadi moja ya Mantle iliyosalimika, iliyokuwa imenunuliwa kwa dola 50,000 mwaka 1991, iliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Hiyo ni sawa na kukua kwa karibu asilimia 19.5 kila mwaka kwa miaka 31. Lakini msomaji asisahau kuwa aliyevuna ni mwenye kadi moja kati ya zile zilizobaki. Kiwanda kilichozichapa kilizitupa baharini kama dagaa walioharibika.

Namba iliyoandikwa kwenye kadi ya leo ni uadimu wa kutangazwa. Ni ahadi ya kiwanda, na ahadi hiyo ina mianya. Chukua picha moja ya mhusika mmoja. Kiwanda huichapa kwa fremu ya kijani nakala 99, bluu 50, nyekundu 25, dhahabu 10, na nyeusi moja. Kila mnunuzi anaambiwa ana toleo la idadi ndogo, kumbe picha hiyo iko sokoni mara 185. Mwaka unaofuata kiwanda hutoa seti nyingine yenye mhusika yuleyule. Kabla ya kuuliza kadi hii ziko ngapi, uliza kwanza mhusika huyu ana kadi ngapi.

Mfano wa kwetu: stempu za Vuga

Mkoa wa Tanga una historia yake katika biashara hii, na ni ya zamani kuliko kadi za Mars Attacks.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa imezingirwa kwa njia ya bahari na stempu za posta zikapungua. Kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga, katika milima ya Usambara, kilipewa kazi ya kuchapa stempu za muda za aina tatu: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Stempu hizo hazikuwahi kuuzwa kwenye dirisha la posta. Sehemu kubwa ilifukiwa ardhini ili isiangukie mikononi mwa majeshi ya Waingereza. Mwaka 1921, baada ya vita, zilifukuliwa na kuuzwa Berlin kwa wakusanyaji. Nyingi zilikuwa zimeharibika kwa unyevu.

Habari hiyo ina mambo matatu ya kibiashara. Kwanza, stempu hizo hazikubeba barua hata moja, kwa hiyo thamani yake yote imetokana na wakusanyaji, sawasawa na kadi za filamu. Pili, karatasi ikikaa vibaya katika nchi ya joto inapoteza bei, hata kama idadi yake ni ndogo namna gani. Tatu, zilichapwa Usambara lakini fedha zililipwa Berlin, kwa sababu wanunuzi walikuwa Berlin.

Mwaka huohuo wa 1916, huko Tabora, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu na kutoa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000. Hizi nazo hutafutwa na wakusanyaji, ila zina tofauti kubwa moja. Wakusanyaji wote wakiacha kuzipenda kesho, sonara bado atazipima na kulipa bei ya dhahabu. Sarafu ina sakafu. Kadi ikiporomoka inaporomoka mpaka bei ya karatasi.

Hesabu ya mtu wa Tongoni

Tuseme mfanyabiashara wa samaki wa Tongoni anaagiza kadi moja ya dola 100 kutoka Marekani. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini hesabu yenyewe ndiyo atakayokutana nayo.

Kadi ni dola 100. Usafirishaji wa uhakika na bima, tuseme dola 25. Jumla ni 125. Kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zinazoingizwa, asilimia 18, ni dola 22.50. Kadi imefika mkononi kwa dola 147.50, na hapo hatujaweka ushuru wa forodha, ambao mwagizaji anapaswa kuuliza mapema, wala nauli ya kwenda kuchukua mzigo.

Sasa anataka kuiuza. Wanunuzi wako Marekani, hivyo inabidi kadi irudi kulekule ilikotoka. Kuituma ni dola 25 nyingine. Dalali au mnada hukata kamisheni yake, tuseme asilimia 15. Ili arudishe dola 147.50 zake pamoja na zile 25, lazima kadi iuzwe kwa dola 203. Kwa maneno mengine, bei ya kadi inapaswa kupanda mara mbili ndipo mwenye kadi apate senti yake ya kwanza ya faida. Jirani yake mkusanyaji aliyeko Chicago hahitaji hata nusu ya kupanda huko.

Aidha, wanunuzi wa kadi za bei hudai cheti cha hali. Kampuni ya PSA ya Marekani imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1991: hukagua kadi, huipa alama kati ya 1 na 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Tofauti ya alama 9 na 10 inaweza kuwa tofauti ya bei mara kadhaa, ingawa jicho la kawaida halioni kitu. Ukiongeza dola 25 za huduma hiyo katika mfano wetu, kadi sasa inapaswa kuuzwa kwa zaidi ya dola 232. Machi 2021, wakati watu waliokuwa wamefungiwa majumbani kwa ugonjwa wa korona walipoikimbilia biashara hii, PSA ililazimika kusimamisha sehemu kubwa ya huduma zake kwa muda kwa sababu ya mlundikano wa mamilioni ya kadi. Waliotaka kuuza bei ikiwa juu walikwama kwenye foleni.

Jambo jingine ni kwamba kadi haizai. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kuuza hisa mwaka 1998, mwekezaji mdogo ameweza kununua sehemu ya kampuni na kutarajia gawio. Hati fungani ya serikali hulipa riba. Ng'ombe huzaa ndama na mnazi huangusha nazi. Kadi hukaa ndani ya kasha ikisubiri mtu mmoja aipende kuliko wewe ulivyoipenda.

Hewa ya pwani

Anayeishi Tongoni, Pangani au Mkinga anaijua chumvi ya hewa na namna inavyokula bati na misumari. Kwa karatasi adui ni unyevu. Kadi hupinda, hushika ukungu, na kadi zenye uso wa kung'aa hugandana zikiwekwa moja juu ya nyingine. Waliotunza vyeti vya ndoa na hati za mashamba katika masanduku ya mbao chini ya kitanda wanafahamu pia kazi ya mchwa na mende.

Kwa hiyo atakayenunua licha ya yote aweke kila kadi katika mfuko wake laini wa plastiki, kisha ndani ya kasha gumu, kisha ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Asiziweke juani wala karibu na jiko. Aidha atunze risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika soko hili usemi huo ni sheria, kwani kadi bandia ni nyingi na muuzaji asiyeweza kuonyesha alikoipata hushushiwa bei hata kama yake ni halali.

Filamu zetu na mchapaji wetu

Wapo watakaouliza kama nafasi si kununua za wenzetu bali kutengeneza za kwetu. Swali hilo lina uzito zaidi.

Tanzania imekuwa na filamu zake za kutisha. Nsyuka, ya mwongozaji Mussa Banzi, ilitoka mwaka 2003, na Shumileta ikafuata mwaka 2005. Zilitazamwa majumbani na katika vibanda vya video, na hadithi zake zilitokana na majini na mizimu ambayo mtazamaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Waliozitazama wakiwa na miaka 15 sasa ni watu wazima wenye kazi. Huo ndio umri ambao, kwa mfano wa Marekani, mtu huanza kutafuta vitu vya ujana wake.

Ghana inatoa funzo la karibu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wenye maonyesho ya video ya kutembeza walikodi wachoraji kutengeneza mabango ya filamu kwa rangi ya mafuta juu ya viroba vya unga vilivyoshonwa pamoja. Mengi yalikuwa ya filamu za kutisha, na mchoraji alizidisha damu na meno kuliko zilivyokuwa kwenye filamu. Bango lilizungushwa kijiji hadi kijiji mpaka likachakaa. Baadaye wakusanyaji wa Marekani na Ulaya waliyagundua, kitabu cha Extreme Canvas kikachapishwa mwaka 2000, na mabango yaliyokuwa vifaa vya kazi yakaanza kutundikwa katika nyumba za sanaa. Wachoraji kadhaa wamepata kazi mpya ya kuchora kwa oda. Hata hivyo, mabango mengi ya zamani yaliondoka nchini kwa bei ya wakati ambapo wenyewe hawakujua kuna mnunuzi mwingine.

Mchapaji wa Tanga anayetaka kujaribu kadi za filamu ya Kiswahili hahitaji mtaji mkubwa. Anahitaji kwanza mkataba wa maandishi na mwenye filamu, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha na wahusika, na kadi iliyochapwa bila ruhusa ni mali ya wizi hata ikiwa nzuri. Pili, atangaze idadi na aiheshimu. Akisema kadi 200, ziwe 200, na sahani za kuchapia ziharibiwe mbele ya mashahidi. Siku atakapochapa ya 201 kwa siri atakuwa ameua biashara yake mwenyewe. Tatu, auze kwa bei ambayo mnunuzi ataridhika nayo hata kama kadi haitapanda kamwe. Mtu anayenunua kwa sababu anaipenda filamu harudi kulalamika.

Msishike mali ya Tongoni

Onyo moja ni la lazima. Mkusanyaji anayepita pwani akitafuta vitu adimu huenda akaulizia pia vigae, shanga na sarafu za kale kutoka magofuni. Mali hiyo haiuzwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda, na kuichimba au kuisafirisha nje bila kibali ni kosa. Kijana anayeokota kigae cha bakuli ya kale na kukiuza kwa bei ya soda anahatarisha uhuru wake na anaongeza tundu jingine katika ukuta ambao wajukuu wake wangeweza kuwatoza wageni ili wauone.

Ushauri wa ukurasa huu

Watu wa Tanga wanajua hatari ya bei inayotegemea uamuzi wa mtu wa mbali. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha kamba za nailoni zikamfikia mnunuzi wa Ulaya, mambo mengine yakaongezeka humu nchini, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hata chini ya tani 30,000. Mkonge ulikuwa na kazi: ulifunga mizigo na kuvuta meli. Kama bidhaa yenye kazi iliweza kuanguka hivyo, kadi ya picha haina cha kuizuia isipokuwa mapenzi.

Kwa hiyo anayezipenda filamu hizi na anunue kwa fedha ya starehe, ileile ambayo angeitumia kwa tiketi ya mpira. Asiguse ada ya shule, mtaji wa duka wala fedha ya mkopo wa kikundi. Achague kadi chache za zamani zilizonusurika kuliko kadi nyingi mpya zilizoandikwa namba. Apige hesabu ya kurudi kabla ya kupiga hesabu ya kwenda: nani atainunua, yuko wapi, na itagharimu kiasi gani kumfikia. Kama majibu ya maswali hayo matatu yote yako ng'ambo, basi faida nayo huenda iko huko huko.